Samli Si Dawa

Leipzig, Ujerumani Mashariki
14 Novemba 1976

Kaka Gaudens,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimenawa mikono mpaka ngozi imekauka, na bado kalamu inanuka. Usicheke. Bwenini wenzangu wamenitenga. Jana kwenye tramu mama mmoja alinusa, akatazama viatu vyake, akanitazama mimi, kisha akahama kiti. Alidhani nimejitapikia.

Kinachonuka ni kazi. Unaikumbuka ile samli uliyoisahau chini ya bati mwaka ule, shangazi akafunua debe akakimbilia uani? Harufu ni hiyo hiyo. Nilipofungua kichupa hapa maabara mara ya kwanza niliiona stoo yako ya Kariakoo mbele ya macho, nikapata kichefuchefu na hamu ya nyumbani kwa pamoja. Inaitwa asidi ya siagi. Mafuta ya maziwa yakichacha, ndiyo inayojitenga na kutoa uvundo ule. Ni ndugu wa siki, ila siki ana adabu.

Sasa nikueleze, maana uliniuliza kama serikali imenileta huku kuosha chupa. Naosha, ndiyo. Lakini ndani ya chupa hizo tunafuga seli. Mwili wako wote umejengwa kwa seli, vidude visivyoonekana kwa macho, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Hizi zetu zilitoka kwenye uvimbe wa mwanamke aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Yeye kazikwa, uvimbe wake bado unaishi. Tunaulisha maji ya damu ya ndama aliyetolewa tumboni mwa mama yake kabla siku zake hazijatimia. Nilipoambiwa hayo nilishindwa kula nyama wiki nzima. Zinashika chini ya chupa na kugawanyika, moja mbili, mbili nne, hazijui kutosheka. Ndiyo tabia ya uvimbe.

Mama Profesa, mkuu wetu, amenipa kazi yangu mwenyewe: kujaribu asidi fupi za mafuta, kuanzia siki mpaka hii ya siagi, nione kila moja inazifanya nini seli. Siki haikufanya cha maana. Iliyofuata ilizipunguzia kasi. Lakini hii inayonuka, kaka! Niliipoza ukali kwa soda ile ya kutengenezea sabuni, nikatia matone machache, na kesho yake seli zilikuwa zimekoma. Hazigawanyiki. Zimejilaza bapa, zimetoa vimikono virefu, zimekaa kama watu wazima wenye heshima zao. Uvimbe umetii! Nilimwita Mama Profesa kwa sauti mpaka akamwaga chai.

Msomee shangazi Severa. Mwambie yule binti aliyemlea kwa ndizi za kuchoma, baba na mama walipotutoka, sasa anatuliza uvimbe kwa harufu ya samli.

Mdogo wako,
Candida


Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
12 Desemba 1976

Mdogo wangu Candida,

Marahaba. Barua imefika, nimeisoma kwa sauti, shangazi yuko mkekani na Sabaha, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, anachagua mchele mlangoni. Nilipofika kwenye damu ya ndama asiyezaliwa, Sabaha alisema astaghafirullahi, akabeba ungo wake akaondoka. Mimi mwenyewe nilitema mate. Mtoto wa watu, unalisha nyama ya maiti! Shangazi aliniambia tu nirudie pale penye "uvimbe umetii". Nikarudia.

Huku hali ni ngumu. Duka langu limefungwa tangu operesheni ya maduka, mtaa mzima tunapanga foleni kwenye duka la ushirika. Sukari ikija hakuna sabuni, sabuni ikija hakuna sukari. Samli niliyoleta kutoka Singida imebaki stoo, madebe kwa madebe, na joto la bati limeimaliza. Hakuna anayeitaka. Hata paka wa sokoni ananusa anaenda zake. Mgeni akija anaongea huku ameziba pua, na sisi ndimo tunamolala.

Shangazi ana kijiuvimbe kwenye titi la kushoto, kama kokwa ya zambarau. Alikificha miezi, mpaka Sabaha alipokiona akimfunga gauni. Hospitali wamempima, wanasema wakikate, wamempangia Januari. Anaogopa kisu, unamjua. Usiwe na wasiwasi, niko naye.

Nijulishe jambo moja. Hiyo asidi yako ndiyo hiyo hiyo ya samli iliyochacha, au umesema kwa mfano tu? Na samli ikizidi kukaa, asidi inaongezeka au inapungua? Nauliza kwa kutaka kujua.

Kaka yako,
Gaudens


Leipzig
9 Januari 1977

Kaka Gaudens,

Shikamoo. Habari ya shangazi imeniliza mbele za watu. Aende Januari hiyo hiyo, asiahirishe hata siku moja. Hapa nimejifunza jambo moja kuhusu uvimbe: haungoji. Ukiwa kama kokwa unakatwa na mtu anarudi jikoni kwake. Mbebe mgongoni ikibidi.

Nakutumia picha niliyopigwa nikiwa na koti jeupe. Mwonyeshe, aone kwamba wenye makoti meupe si wachinjaji, hata mimi ni mmoja wao.

Na hilo swali lako, kaka, limenichekesha sana. Ndiyo, ni hiyo hiyo, na samli inavyozidi kuchacha ndivyo inavyozidi. Stoo yako ni kiwanda! Ningekuwa na njia ningekuomba debe moja, Mama Profesa angekuvisha nishani. Ila tafadhali imwage. Kuna watu wanalala humo.

Niandikie mara tu shangazi atakapotoka hospitali.

Candida


Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
20 Februari 1977

Mdogo wangu Candida,

Mungu hamtupi mja wake. Mlango mmoja ukifungwa hufungua mwingine, na safari hii ameufungua kwa mkono wako.

Shangazi hakwenda kukatwa. Kwa nini akakatwe na dawa iko ndani ya nyumba? Tangu Krismasi anakunywa kikombe asubuhi, kikombe jioni. Unajua wazee wetu huko Kibosho hawakuwa wajinga. Mzazi alipewa samli ya zamani, mwenye kifua alipewa samli ya zamani. Kumbe walikuwa wanajua, ni sisi tuliosoma shule ya misheni ndio tuliosahau, na wewe umekwenda Ulaya ukaikuta iko chupani! Mwanzoni alikuwa anatapika. Sasa anatapika kidogo. Nilimwambia ndio uvimbe unatoka.

Habari zimeenea, sikuzitangaza mimi. Wanakuja kutoka Magomeni, juzi amekuja mtu kutoka Upanga na gari lake. Naichuja kwa kanga kuukuu na kuitia kwenye chupa za soda. Picha yako nimeitundika juu ya madebe, wakiiona wanatulia. Nawaambia huyu ni mdogo wangu, yuko Ujerumani, ndiye aliyeigundua. Kuna mama mmoja mwenye uvimbe shingoni aligusa picha yako kwa kidole kabla hajanywa.

Ungemwona shangazi anavyojivunia. Anaziba pua, anafumba macho, anasema "Candida", kisha anameza.

Kaka yako,
Gaudens


TELEGRAMU
LEIPZIG 14 MACHI 1977
GAUDENS NARUNGOMBE KARIAKOO DAR ES SALAAM
SAMLI SI DAWA. SHANGAZI AENDE HOSPITALI LEO. CANDIDA


Leipzig
14 Machi 1977

Gaudens,

Telegramu imetangulia, hii inaifuata. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi za bweni, nikaenda chooni nikatapika, na safari hii hapakuwa na kichupa chochote karibu yangu. Nilitapika kwa sababu yako.

Soma vizuri, kisha umsomee shangazi. Zile seli hazikufa. Baada ya barua yangu ya kwanza Mama Profesa aliniambia niioshe ile asidi na nizipe chakula kipya, tuone. Nikaziosha. Hazikukaa sana, Gaudens, zikakunja vimikono vyao, zikaamka, zikaanza kugawanyika kama mwanzo, kana kwamba hakuna kilichotokea. Zilikuwa zimejilaza tu. Nilikasirika, Mama Profesa akacheka, akasema ndiyo maana hatufungui mvinyo siku ya kwanza. Hilo sikuwaandikia. Furaha nilikimbia nayo posta, aibu nikakaa nayo.

Na hayo yalikuwa ndani ya chupa, ambamo seli zinaogelea kwenye asidi usiku na mchana. Shangazi si chupa. Samli akiinywa, matumbo na ini vinaichoma asidi yote kama kuni, haifiki titini hata chembe. Kinachofika ni kichefuchefu na kuhara. Uvimbe unakaa pale pale unakula na kunenepa, na miezi inakwenda.

Bandua picha yangu. Wafukuze watu hao, waambie waende hospitali. Yule mama aliyegusa picha kwa kidole simwondoi akilini. Nakuchukia leo, sitaki kusema vinginevyo. Mpeleke shangazi, kisha nitaona kama nakupenda tena.

Candida


Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
3 Aprili 1977

Mdogo wangu Candida,

Telegramu nimeipata, na barua pia. Ulivyoniandikia si vizuri, lakini mimi ni mkubwa, nimemeza.

Yote nimemsomea shangazi neno kwa neno. Amekataa mwenyewe. Anasema kisu hapana, anasema anajisikia vizuri, uvimbe umelainika. Sasa mimi nifanyeje, nimburute mtu mzima? Nimejitahidi kama mtoto anavyopaswa. Hata Sabaha shahidi.

Anakusalimu na kukutakia Pasaka njema.

Kaka yako,
Gaudens


Hospitali, Dar es Salaam
22 Mei 1977

Candida mwanangu,

Huu ni mwandiko wangu mwenyewe. Usizicheke herufi, mwalimu wa kisomo anasema zitanyooka. Kila jioni nilikuwa nakwenda pale ofisi ya tawi la chama na wenzangu, tunasoma ubaoni. Gaudens alidhani nakwenda kupiga soga. Sikumwambia, nilitaka nikushangaze wewe kwanza.

Barua zako siziwezi. Mwandiko wako unakimbia kama kuku aliyemwagiwa maji. Mimi nasoma herufi kubwa. Sasa siku moja, Pasaka imekwisha pita, nikachukua shati la Gaudens nilifue, mfukoni nikakuta karatasi ya telegramu. Yeye aliniambia ile telegramu ilisema Pasaka njema. Nikaikunjua nione Pasaka njema inavyoandikwa. SA-MLI. Hilo nilijua, nimelinusa miezi. SI. DA-WA. Nikakaa juu ya ndoo. Nikasoma tena kwa kidole. Halafu nikasoma jina langu, SHA-NGA-ZI. Nikasoma HO-SPI-TA-LI, ile ilinitaabisha.

Sabaha ndiye aliyenileta hapa, kwa basi, kesho yake asubuhi. Gaudens alisimama mlangoni anasema tungoje tuzungumze. Sabaha akamwambia, "Nipishe, wewe baba samli, kabla sijajaza watu hapa mtaani." Akapisha.

Daktari alinisogelea akarudi nyuma. Akauliza mama umekula nini. Nikamwambia. Akanitazama kama mtu aliyekanyaga kitu. Wamelikata titi. Kokwa ilikuwa imekwisha kuwa limau, na kwapani ilikuwa imezaa. Anasema wakati ule kabla ya Krismasi walinipima kwapani na hakukuwa na kitu. Nikamuuliza nitapona. Akasema tutaona. Nikamuuliza tena, akatazama dirishani. Kwa hiyo najua, na wewe ujue, tusidanganyane tena katika nyumba hii.

Kunywa nilikunywa, mwanangu. Sikulazimishwa. Nilitapika uani nikashika ukuta, nikarudi nikanywa tena. Tumbo liliniambia hiki ni uchafu, mimi nikalijibu nyamaza, hiki kimetoka kwa Candida, na Candida amesoma. Kisu nilikiogopa, hilo kweli. Ukimwogopa simba unajificha hata chooni.

Juzi Gaudens alikuja wodini na jani la sale. Alilitoa wapi katika mji huu sijui. Unajua mila yetu, sale halikataliwi, hata aliyekuulia mtoto akikujia nalo kuomba radhi unalipokea. Ndiyo sababu alilileta, anaijua mila anapoihitaji. Nikamwambia lishike kwanza hapo hapo. Nenda nyumbani ukaniletee kikombe cha dawa yako. Akaleta. Nikamwambia kunywa. Akanusa, akasema, "Shangazi, hii mimi siwezi." Nikamwambia, hata mimi nilikuwa siwezi. Wodi nzima inamtazama. Akanywa nusu, akatapikia ndoo ya mgonjwa wa jirani, machozi na makamasi pamoja. Miezi yote anainywesha watu, kumbe hajawahi kuionja! Ndipo nikanyoosha mkono nikapokea jani.

Kwako sina hasira. Ila nina neno moja la mzazi. Ukiona jambo siku ya kwanza, usiniandikie. Niandikie la siku ya pili.

Mkono umechoka.

Shangazi yako,
SEVERA


Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
12 Juni 1977

Mdogo wangu Candida,

Ndani ya bahasha kuna jani la sale. Shangazi amelipokea la kwake, nakuomba na wewe ulipokee hili.

Samli nimeimwaga yote. Mtaa wamenitukana, mifereji imenuka mpaka kwenye kona ya soko, watu wanapita wameziba pua kwa kanga. Wale wagonjwa wengine nimewatafuta niwaambie. Wengine nimewapata. Yule mama wa shingo sikumpata, nyumba aliyonitajia wanasema hawamjui.

Nilikosa kazi, nilikosa duka, nilikuwa na stoo imejaa uozo, na siku moja barua ikaja ikasema uozo ule ni mali. Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini. Ile telegramu niliiona, nikaona na watu wako mlangoni na chupa zao mkononi, nikaitia mfukoni.

Shangazi amerudi nyumbani, amedhoofika. Anakula kwa Sabaha. Nikimpelekea chakula anakinusa kwanza.

Kaka yako,
Gaudens


Leipzig
10 Julai 1977

Kaka Gaudens,

Jani limefika. Limekauka njiani, lakini lina harufu ya samli, na bahasha pia, na barua. Niliifungulia kwenye chumba cha kulia. Wenzangu walisimama na sahani zao wakahamia meza nyingine.

Sale halikataliwi, nami ni mtoto wa Kibosho. Nimelipokea. Umesamehewa, mtu wa nyumbani akikuuliza mwambie hivyo bila kusita. Lakini wazee wetu walitafuta jani la msamaha, la kinyaa hawakulitafuta. Nikikumbuka kanga uliyochujia, nikikumbuka mfuko wa shati lako, roho inanichafuka, na sijui itatulia lini. Na usidhani wewe peke yako ndiye unayenitia kinyaa. Neno "umetii" nililiandika mimi, kwa mkono huu ambao bado unanuka.

Kazi naendelea nayo. Kila asubuhi nafungua kabati la joto, zile seli ziko pale chini ya chupa, zimenona, nami nawaza kwapa la shangazi. Natia asidi, zinalala. Naiosha, zinaamka. Ninaandika yote mawili.

Nimeomba ruhusa ya kuja nyumbani nimwone. Wamesema Desemba. Mungu amweke mpaka Desemba.

Picha yangu mrudishie shangazi, asipoitaka ichane. Na tangu leo usimsomee mtu barua yangu. Za shangazi nitamwandikia mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Candida